Yaya wa Chini ya Sakafu

Mpiga picha wa Manika amenikasirikia. Picha nne ndogo za dosie ya Egzetat, mtihani wa kumaliza sekondari, ni kazi ya dakika mbili, na mi nimemmalizia asubuhi nzima. "Shusha ile nyusi, bwana," alisema. "Serikali haipende bakomedien." Nikashusha nyusi, akapiga, nyusi ikapanda. Akaniambia nifunge mdomo sawa. Nikafunga, nao ukavutika wenyewe upande wa kushoto kama mlango wa kabati letu. Wanafunzi kwenye foleni walikuwa wanacheka, mi nikawainamishia kichwa kuwashukuru, maana nikiwa na watu wa kuchekesha sina ugomvi na maisha. Kisha akanipa picha zikiwa bado na joto la mashine. Aliyekuwa pale hakuwa mimi, ila nilimjua. Mara ya mwisho nilimwona nikiwa na miaka saba, kwenye kitambaa cha gunia la unga, rangi ikimkauka ukutani kwetu. Na alikuwa amekufa.

Ninyi wenzangu, mlipokuwa wadogo, mama zenu walikwenda sokoni au ofisini, wakawaacha kwa bibi, kwa jirani, kwa dada mkubwa aliyewafinya. Mama yangu hakwenda popote. Mama ni pentre, mchoraji. Alifanyia kazi saluni kwetu, chumba cha wageni, kati ya meza na kabati, mi nikiwa miguuni na mdogo wangu Nadège akiwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kitenge, akimvuta sikio kila mara pinso, brashi yake ya rangi, ilipofika mahali pagumu. Tata, baba yetu, alikuwa anafanya biashara ya mihogo Kasaji, na alirudi siku treni ilipojisikia kurudi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ni sisi watatu, harufu ya rangi na mafuta ya taa ya kuoshea pinso, na wafu.

Mama alichora wafu, kweli. Mji wetu, Kolwezi, unaita vijana kutoka kila kona ya Kongo waje wachimbe shaba na kobalti, na kati yao wapo ambao shimo hubaki nao. Familia ikija kwa kilio inataka tablo: uso mkubwa wenye rangi, wa kutundika mbele ya viti vya wageni. Wakati ule walimletea Mama walichokuwa nacho, na mara nyingi kilikuwa karti ya kupigia kura, picha yake ndogo kama ukucha, imelowa jasho mfukoni mpaka mtu amebaki wingu lenye shingo. Mama aliivuta karibu na dirisha, akaitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena. Halafu aliita bila kugeuka:

"We! Kuya hapa. Leta sikio."

Njo vile nilivyoanza kazi. Mama alikuwa ametatua shida mbili kwa mpigo mmoja. Alikosa sikio la kuchora, na alikosa kujua mtoto wake yuko wapi kati ya nyumba na barabara ya makamyo. Mtoto aliyekaa juu ya debe akiwa maiti hayuko barabarani, wala hanywi rangi ya kijani. Kama shati la marehemu lilikuwepo, alinivalisha, mikono ikanipita mpaka magotini.

"Usitikisike. Mufu hatikisike."

"Mama, mufu anasikia kukojoa."

"Mufu angoje."

Kabla ya kumaliza mwaka wa pili wa primeri nilikuwa nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa darasa letu, na nilijivuna nalo. Kuna mjane kule Kasaji ambaye mpaka leo analala chini ya masikio yangu. Kuna duka la vipuri ambalo mwenyewe aliyekufa anatazama wateja akiwa amekunja mikono yangu, minene kidogo, Mama aliinenepesha. Nilidhani ni mchezo, mpaka siku nilipomwuliza.

"Mama, hii sikio yangu, unapatia ule tata?"

"Namukopesha tu."

"Atarudisha siku gani?"

Mama alicheka, pinso ikiwa kati ya meno. "Ukimukuta, umuulize."

Alikuwa na kazi, mtoto mgongoni, sufuria ya bukari jikoni. Alijibu kama mtu mzima anavyojibu ili mtoto anyamaze. Lakini mi sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa juu ya debe na kufikiri. Nikafikiri: kumbe nitamkuta. Kumbe Mama ananigawa polepole, kipande kwa kipande, na vipande vikiisha mi nitakuwa kule na wao, na hapa kwenye debe atakaa Nadège. Sikumwambia mtu. Usiku nilijishika usoni na kujua kipi kimekwenda na kipi kimebaki. Masikio yamekwenda, mikono imekwenda. Shingo ilikwenda kwa mwalimu mmoja wa dini. Pua nilikuwa bado nayo.

Ndipo wakaanza kugonga chini.

Jirani yetu, Tata Mwepu, alikuwa amezungusha turubai la bluu nyuma ya jiko lake na kusema anachimba choo. Choo cha vijana sita, miezi mitatu. "Mwepu anataka kunya mpaka Zambia," Mama alisema, na nilicheka mpaka nikaanguka kwenye debe. Kila mtu alijua kinachochimbwa pale; chini ya parsele zetu, viwanja tunavyokaa, kuna mawe yenye thamani kuliko nyumba zilizo juu yake. Shimo lilishuka, kisha likageuka likatafuta mshipa, na mshipa ulikuja upande wetu. Mwanzoni ilikuwa sauti ya mbali, kama mtu anatwanga mtaa wa pili. Wiki moja baadaye ilikuwa chini ya meza yetu.

Mama alituambia wazi, "Ni bantu banatumika kule." Wapi! Mi nilijua ni nani. Hao ni wenye kukopa.

Nadège ndiye chanzo cha sisi kuzungumza nao. Alikuwa amejifunza kutembea, na kwa hiyo alikuwa amejifunza kuharibu. Alilia akifungwa, alilia akifunguliwa. Siku ile Mama alikuwa na tablo la kwenda kanisani jioni, Nadège akilia mpaka mishipa imemsimama, na mi nikachukua mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya mhogo, nikaupiga sakafuni ili kumchekesha: ta-ta, ta. Kimya. Kisha kutoka chini, polepole, chuma juu ya jiwe: ta-ta, ta.

Nadège alifunga mdomo. Macho yake yakawa makubwa kama sahani. Akanitazama, akatazama sakafu, akacheka.

Tangu hapo ikawa kila mchana. Sisi tulipiga, yule wa chini alijibu. Tulipobadilisha, alibadilisha. Mara nyingine alianza yeye, na Nadège aliacha chakula akakimbia kutafuta mchi asioweza kuubeba. Alilala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akingoja. Mama akampa jina. "Muende mucheze na Yaya wenu," alisema, kama vile unavyosema juu ya kaka mkubwa anayekaa na wadogo zake mama akiwa kazini. Na kweli alitulea. Kwa mara ya kwanza tangu Nadège azaliwe, Mama alichora mchana mzima kitenge kikiwa kiunoni, mgongo ukiwa mtupu. Alichora vizuri mwezi ule kuliko miezi yote. Alirefuka. Aliimba.

"Kesho nitamuambia Mwepu," alikuwa akisema, akitazama ufa mdogo uliotokea karibu na mlango. "Haiko muzuri bachimbe chini ya batoto." Kesho ilifika, Yaya akagonga, Nadège akacheka, na Mama akachovya pinso.

Mi nilikuwa na mioyo miwili. Wa mchana ulicheza na Yaya. Wa usiku ulijua anachotaka. Wiki ile Mama alikuwa amechukua kidevu changu, na siku mbili baadaye pua. Nilijitazama kwenye ndoo ya maji nikaona yamebaki macho na paji tu. Nikaelewa kwamba yule wa chini hachezi. Anatuzoesha ili siku akiita, niende bila kelele.

Siku iliyofuata, baada ya kula, Mama alitulaza kwenye mkeka. Nadège alisinzia hapohapo. Yaya akagonga: ta-ta, ta. Sikujibu. Akagonga tena. Nikaweka mdomo kwenye saruji na kusema kwa sauti ya chini, ili Mama asisikie:

"Masikio mubakie nayo. Mikono mubakie nayo. Sura yangu hapana. Sikuye kule. Nyamaza! Usiniite tena!"

Nikapiga mchi kwa hasira, mara nyingi, bila wimbo wowote. Chini kukawa kimya. Kisha ikaja moja tu, ndogo: ta. Halafu basi.

Nililala usingizi wa mshindi. Yesu mwenyewe hakutoa pepo kwa haraka vile. Nilipoamka vumbi lilikuwa limeingia ndani, jekundu, limetua juu ya rangi mbichi, na watu walikuwa wanakimbilia kwa Tata Mwepu wakiita majina. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanipa mgongo. Alikuwa bado ameshika pinso, na rangi ilikuwa inamdondokea kwenye mguu, tone kwa tone, naye haoni.

Vijana watano walitoka shimoni wakiwa hai. Wa sita alitolewa kesho yake. Mi sikuunganisha chochote. Mtoto wa miaka saba ana hesabu zake: kule kwa Mwepu watu walikuwa wanalia kijana, na kwetu mi nilikuwa nimenyamazisha wafu. Yalikuwa mambo mawili, nyumba mbili. Nilitembea kwenye parsele kama komanda.

Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka Mutshatsha, amevaa viatu viwili visivyofanana. Alivivaa gizani alipopata habari, na hakuona sababu ya kuvibadilisha. Kijana wake aliitwa Trésor, alikuwa na miaka kumi na saba. Picha zake zote zilikuwa kwenye telefone, na telefone ilibaki shimoni. Karti hakuwa nayo bado, umri haujafika. Alileta shati tu.

"Alikuwa na sura namna gani, mama?" Mama aliuliza.

Mama Trésor alitafuta hewani kwa mkono, kama mtu anayetafuta kamba gizani. Kisha aliniona juu ya debe, kwa mazoea tayari nimeshakaa.

"Kama huyu," alisema. "Huyu akikomaa."

Basi. Hakutaka sikio wala kidevu, alitaka sura nzima. Mama alinivalisha shati. Lilikuwa limefuliwa lakini lilinuka udongo. Nikatazama mlango. Nadège alikuwa amekaa mlangoni na kijiko chake. Nikikimbia, atakaa yeye. Kwa hiyo nilifanya kitu pekee ninachokijua duniani: nilikunja sura. Nyusi moja juu, mdomo kushoto, kama ninavyofanya mwalimu akigeuka ubaoni. Nilijiambia, wakichukua sura hii watakuwa wamechukua ya uongo, na yangu ya kweli itabaki nyuma yake.

"Kaa sawa," Mama alisema.

Nikakaza zaidi.

"Nimesema kaa sawa! Mama wa benyewe uko hapa, na weye unafanya fujo?"

"Muache," alisema Mama Trésor. Alikuwa amesimama. "Muache vile, mama. Njo yee. Njo vile alikuwa nafanya akiharibu kitu. Nani alimuonyesha huyu mutoto?"

Mama alichora. Alinitazama, akanikuza kwenye kitambaa miaka kumi mbele, akaniwekea koo la kiume na kivuli cha ndevu zisizoota bado. Mama Trésor alikaa na kikombe cha chai, akawa anazungumza ili asilie: kwamba alikuwa mtundu, kwamba alikula sana, kwamba alikuja Kolwezi kutafuta karo ya shule. "Na fujo! Tangu mudogo. Kila kitu alikuwa nagonga. Sahani, mulango, kichwa ya mudogo wake. Hata kanisani. Njo hivi." Na kwa vidole viwili, juu ya meza yetu, akagonga:

Ta-ta, ta.

Mlangoni, Nadège aliinua kichwa. Uso wake ulifunguka wote. Alikuwa amengoja siku tatu. Akageuza kijiko, akapiga sakafu kwa nguvu zake zote: ta-ta, ta. Kisha akalala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akisikiliza.

Mama Trésor alicheka kidogo kwa machozi, akidhani mtoto anamwiga. Mama hakucheka. Alichomeka pinso ndani ya kikombe cha chai cha mgeni badala ya kopo la mafuta, na chai ikawa nyeusi, na wote watatu tukaitazama.

Tablo lilikwenda Mutshatsha limefungwa kwa shuka. Shimo lilijazwa, Tata Mwepu alihama. Mama hakuniita tena kwenye debe, hata siku moja. Familia ikija bila picha safi, alisema, "Siwezi, munisamehe," na wengine walikasirika, na baadhi ya wiki tulikula sombe bila kitu. Nadège alipelekwa kwa masista wanaolea watoto, akalia mlangoni kwao mpaka akazoea. Wafu wa Mama kuanzia pale wote wana masikio yao wenyewe. Watu wanasema zamani alichora vizuri zaidi. Na siku hizi anachora akiwa juu ya kiti kirefu, miguu ameikunja kwenye ufito wa kiti kama kuku anayelala. Mi nimemcheka kwa hilo miaka yote. "Mama Kuku," ninamwita, naye ananirushia kitambaa chenye mafuta.

Leo nimemletea zile picha nne. Nilitaka kutania, nilikuwa nimeandaa hata maneno: Mama, ule kijana anarudisha sura. Alizishika kwa ncha za vidole. Alizitazama kama alivyokuwa anatazama karti, karibu na dirisha, kisha mbali. Nyuma ya nyumba Nadège alikuwa anatwanga sombe. Sasa ni msichana mrefu, mjeuri, na hakumbuki lolote. Kila akitwanga anatwanga hivyohivyo, ta-ta, ta, na anasema wimbo huo ameutunga mwenyewe.

Maneno niliyoandaa hayakutoka. Yalitoka mengine.

"Mama. Mi njo nilimuambia anyamaze. Ile siku. Nilimutukana, nilipiga muchi. Akanyamaza."

Alikaa juu ya kiti chake.

"Apana," alisema. "Haikukuwa weye. Mulilala. Kisha aligonga tena."

Akatazama sakafu.

"Haikukuwa ile yenu. Ilikuwa mbio-mbio, ovyo-ovyo. Nikasema, anaita batoto bacheze. Na mi nilibakia na jicho moja ya kumaliza, na Nadège alikuwa mu usingizi, siku nzima hakulala." Alizilaza picha mezani, sura chini. "Nikamugongea na kisigino. Pole pole, mara mbili. Kumuambia: Yaya, batoto banalala. Akanyamaza. Nikafikiri amenisikia. Nikasema hata aksanti."

Nje mchi ulikuwa unapanda na kushuka, na sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo, kidogo sana. Mama alikuwa ameinua miguu kutoka kwenye saruji, ameibana kwenye ufito, anangoja Nadège amalize.

Nikavuta debe, nikakaa karibu naye, nikainua na miguu yangu.